Pembe Zilizokataa Kukauka

Ijumaa, baada ya sala, Hud bin Nasor alikusudia kumwacha mkewe mbele ya jamaa. Thuwaini aliipata habari hiyo Jumatano asubuhi kutoka kwa mwenye kuachwa mwenyewe, na alipofika Birkat al Mauz alikuta sanduku la nguo limekwisha fungwa, limewekwa ukumbini karibu na mlango.

"Sikulifunga mimi," alisema Bi Khole. "Kalifunga mke mwenzangu. Anasema ananisaidia."

Thuwaini alivua viatu akakaa. Alikuwa mpelelezi wa polisi huko Ibra mpaka alipostaafu, na sasa alichukua kesi ambazo kituo chochote kingezikataa. Hii ilikuwa mojawapo.

"Unashitakiwa kwa lipi hasa?"

"Jicho. Ati nimemharibu Taji kwa husuda."

"Taji ni nani?"

"Mnyama."

Thuwaini alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Hud alipomuoa huyu mdogo, Shukriya, alimletea zawadi," Bi Khole aliendelea. "Mimi nilipoolewa nililetewa kanga na kitanda. Yeye kaletewa ayili, dume, na majike mawili ya kumpa uenzi. Watu wakaja kutoka Nizwa kumtazama. Njoo umuone leo. Hud yuko Izki kwenye matanga, harudi mpaka kesho jioni, na akiwapo hataki mtu asogee. Daktari ndiyo kabisa. Anasema jicho halina daktari."

Zizi lilikuwa nyuma ya migomba, kandokando ya mfereji wa falaji. Ayili ni jamii ya paa, ila pembe zake hutoka matawi, na kila mwaka huanguka zikaota nyingine. Zinapoota huvikwa ngozi yenye manyoya laini kama mahameli. Zikikomaa hukauka, ngozi ikabanduka, ukabaki mfupa mtupu. Thuwaini aliyajua hayo kwa kusoma. Pembe za zamani za Taji alikuwa ameziona zimetundikwa barazani, pana kama viganja viwili vilivyofunguliwa kuomba dua.

Alichokiona zizini hakikuwa pembe. Juu ya kichwa cha mnyama palikuwa na madonge mawili yaliyorundikana kama koliflawa, yamevikwa ngozi ileile laini, yanatoka damu mahali yalipokwaruzwa na ukuta. Donge moja lilishuka mpaka likaziba nusu ya jicho. Nzi walikuwa wengi. Taji alikwenda moja kwa moja kwa Bi Khole, akala majani kiganjani mwake.

"Anakujua."

"Mimi ndiye nimlishaye tangu aliporudi. Mwenye zawadi yake anaona kinyaa."

"Aliporudi kutoka wapi?"

Kabla hajajibu, sauti ilitoka nyuma ya migomba.

"Mwambie yote, bibi! Mwambie na ulilolisema!"

Shukriya alikuja na buibui lake limeshikwa juu lisiguse tope. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mzuri, na alisimama mbali na zizi.

"Nitasema," alijibu Bi Khole. "Huna haja ya kunisomea. Siku Taji alipopakiwa garini kupelekwa kwa shemeji yetu Ghanim, nilisema: pembe kama hizi mtu angezivaa kichwani. Sikusema mashaallah. Nimekiri."

"Mbele ya watu! Na hazikukaa wiki zikaanguka huko kwa Ghanim. Zilizoota ndizo hizo."

"Wewe unaamini ni yeye?" Thuwaini alimuuliza Shukriya.

"Naamini ana kijicho. Nikishona gauni, anashona. Nikipikiwa wali wa Basmati, wake aona una mchanga. Lakini ukiniuliza nani alimshika Taji kwa mkono, nitakwambia Ghanim. Tazama mguu wake wa nyuma. Kaletwa hapa ana kovu."

Thuwaini aliinama. Kweli, kwenye paja la kulia palikuwa na kovu refu lililokwisha kupona, lisilo na manyoya.

"Ufunguo wa zizi alikuwa nao nani?"

Wake wawili walijibu kwa pamoja, pengine mara ya kwanza tangu wajuane. "Hud."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Taji alipoharibika," alisema Bi Khole. "Zamani hata mimi sikuruhusiwa kuingia. Sasa ufunguo kanitupia mimi."

"Mume wangu alikuwa akiona mtu kasimama hapa kitambo, humpelekea kiti kule njiani, ili aondoke hapa," alisema Shukriya, na hakuficha fahari yake. "Alikuwa na wivu na Taji hata kwa mtu wa kumtazama tu."

* * *

Shamba la Ghanim lilikuwa ng'ambo ya wadi, bonde la mto uliokauka. Ghanim na Hud walikuwa baba mmoja mama mbalimbali, na mtu hakuhitaji kuambiwa kwamba wanashindana. Hud alipojenga lango la chuma, Ghanim alijenga la chuma lenye simba wawili. Hud alipochimba hodhi, Ghanim alichimba refu zaidi. Lilikuwa limejaa majani makavu.

"Umekuja kunishitaki?" Ghanim alimpokea. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya kuchekesha watu. "Karibu, yakhe. Kushitakiwa na ndugu yangu ndiyo pensheni yangu."

"Nimekuja kukuuliza kuhusu kovu."

"Waya wa ua wangu. Alijikwaruza siku ileile aliyofika. Nikampaka dawa, nikampigia Hud simu, nikamwambia. Muulize."

"Na pembe?"

"Zilianguka. Asubuhi nakwenda kumtazama, moja iko chini. Kesho yake ya pili. Nikasema labda ndivyo walivyo. Hud akaja mbio, kachukua mnyama wake, kachukua pembe zake, hata kahawa hakunywa."

"Kwa nini Taji alikuja kwako?"

Ghanim alitabasamu. Hadithi hii aliipenda.

"Na mimi nina majike. Nilinunua mwaka uleule."

"Baada yake."

"Baada yake, sawa. Nilitaka dume lake lipande. Ningemwomba hivihivi angenizungusha mpaka Kiyama. Basi nikaenda barazani kwake siku ya Idi, jamaa wote wapo. Akanimiminia kahawa. Nikaipokea, nikaiweka chini mkekani."

Thuwaini alielewa. Huku bara, mgeni akiweka kikombe chini bila kukinywa, ana haja. Mwenyeji akimwambia kunywa, haja yake imekubaliwa, na neno hilo halirudi. Asipomwambia, mgeni huondoka na kiu yake, na mwenyeji hubaki na aibu mpaka kwa wajukuu.

"Akasema kunywa?"

"Alikawia! Wazee wakamtazama. Mwisho akasema, 'Kunywa, Ghanim, ukitaka dume utapata dume.' Wallahi sijapata kunywa kahawa tamu kama ile. Halafu akaanza: leo gari bovu, kesho mwezi haujaandama, wiki hii joto. Kamleta tende zimekwisha kukatwa."

"Alimzuia wiki ngapi?"

"Sikuhesabu. Nyingi. Nilikuwa nakwenda kila siku kumwuliza."

"Na alipofika kwa majike?"

Ghanim alikunja uso. "Hapo ndipo pa ajabu. Madume ya ayili majira yale huguna usiku kucha, hayali, yanapigana na hata miti. Huyu alikaa na majike kama mzee aliyealikwa harusi ya watoto. Katazama, kala, kalala. Hakuna jike lililoshika mimba. Nikasema tasa, nikawagawa. Mmoja nilimchinja."

"Ulimwambia Hud kwamba dume lake halikuguna?"

"Nimwambie acheke? Angesema hata wanyama wangu hawana mvuto."

* * *

Alhamisi asubuhi, kabla Hud hajarudi kutoka Izki, Thuwaini alimleta Tamima, daktari wa mifugo mwenye chumba kidogo Firq katikati ya magereji. Alizaliwa Nizwa. Kiswahili chake alikiokota kwa bibi yake wa Unguja, na alikitumia kwa ujasiri.

"Shikamoo, bibi. Ami Thuwaini kaniambia mguu hii imeumia."

"Marahaba. Mguu huu, mwanangu."

"Mguu huu. Samahani."

Bi Khole alimshikia Taji kichwa kwa kumlisha, na Tamima akaingia. Aliugusa mguu wenye kovu, akatikisa kichwa.

"Wenzangu huanza hapa," alisema. "Ayili akiumia vibaya mguu wa nyuma, pembe inaweza kuota vibaya, lakini pembe ya upande wa pili. Kovu liko kulia, basi kushoto ndiko kungeharibika. Akiumia kichwani, upande uleule. Huyu ameharibika pande zote mbili. Kovu si sababu."

"Ghanim hayumo, basi," alisema Thuwaini.

"Mlio nje tazameni pembeni kidogo," alisema Tamima. Alipiga goti nyuma ya mnyama, akapapasa kwa mikono miwili. Alipotoka alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa na hakuwa tena na haya ya Kiswahili chake.

"Huyu amehasiwa."

Bi Khole aliachia majani.

"Hakuna kovu la kisu," alisema Thuwaini.

"Hawakutumia kisu. Kuna koleo kubwa, linabana mishipa kwa juu, ngozi haikatiki, damu haitoki. Ndani kumesinyaa, nimegusa na alama ya kubanwa. Ami, pembe za ayili zinakaushwa na homoni ya kiume. Ukimhasi akiwa na pembe kavu, zinaanguka baada ya wiki kadhaa, hata kama si wakati wake. Zinazoota baadaye hazipati amri ya kukauka. Zinabaki laini, zinaongezeka, zinaongezeka. Nchi za baridi, barafu inaziua ncha. Hapa hakuna barafu."

"Zinachukua wiki kadhaa kuanguka? Haziwezi kuanguka kwa siku mbili tatu?"

"Hapana. Kitu kinataka muda."

Thuwaini aliutazama mlango wa zizi, komeo lake na kufuli. Pembe zilianguka kabla Taji hajatimiza wiki kwa Ghanim. Basi koleo lilibana hapa, katika zile wiki za gari bovu na mwezi usioandama, wakati ufunguo ulikuwa kiunoni mwa mtu mmoja.

Bi Khole hakuwa mjinga. "Ni yeye," alisema. "Mwenyewe."

"Bado sina shahidi."

"Lakini Hud anazipenda zile pembe kuliko macho yake! Kwa nini aziharibu?"

"Hilo ndilo nitakalouliza kesho," alisema Thuwaini. "Usilifungue sanduku, wala usilitoe nje."

* * *

Ijumaa asubuhi soko la mbuzi la Nizwa lilikuwa limejaa. Wauzaji walizunguka duara wakivuta mbuzi kwa kamba na kupiga kelele, wanunuzi wamekaa ndani na nje ya duara, wanashika meno, wanashika migongo. Thuwaini aliuliza watu wawili nani anahasi mabeberu bila kisu, kwa wanaotaka kunenepesha ndafu wa Idi. Wote wawili walimwonyesha Ghaith, mwembamba, kilemba cha buluu, mtoto wa mama wa Kipemba. Koleo lake lilikuwa limening'inia kwenye kioo cha pembeni cha gari lake, refu kama mkono wa mtu.

Thuwaini hakumwambia yeye ni nani.

"Nina dume la ayili. Mkorofi, ananivunjia ua. Nataka atulie."

"Ayili?" Ghaith alicheka. "Wee bwana, mbona mnanogewa na ayili siku hizi! Mlete."

"Lakini pembe zake nazipenda. Naogopa zisidhurike."

"Hofu ileile ya mwenzio." Ghaith alimpiga bega. "Mwaka jana nimemfanyia mzee mmoja Birkat al Mauz, na swali lake lilikuwa hilohilo. 'Pembe, Ghaith, pembe!' Nikamwambia, mzee, tazama beberu aliyehasiwa: pembe zinapungua? Hazipungui. Mnyama ananenepa na pembe zake zinanenepa. Pembe ni pembe."

"Akaridhika?"

"Akafurahi mno. Akamshika yule dume kichwani mwenyewe. Akanambia, 'Nilitaka uzuri wake ubaki kwangu, na mbegu yake isitoke kwangu.' Nikasema haya, mali yako."

"Hakukuambia mnyama anapelekwa wapi?"

"Mimi mtu wa mbuzi, bwana. Sikuuliza." Ghaith alimtazama vizuri zaidi. "Kwani zimedhurika?"

"Zimenenepa," alisema Thuwaini. "Zimenenepa sana. Jina la mzee?"

Kicheko kilikwisha. Ghaith alitazama duara la mbuzi, kisha akasema polepole, "Hud bin Nasor. Kwani nina kosa?"

"Kosa lako ni la kutojua. Niazime koleo mpaka jioni."

* * *

Baraza la Hud lilijaa baada ya sala. Wazee wa jamaa walikaa ukutani, Ghanim kati yao, pembe za zamani za Taji juu ya vichwa vyao. Mlango wa kwenda kwa wanawake ulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia nyayo zilisikika zikitulia.

Hud alimimina kahawa mwenyewe. Alikuwa mrefu, ndevu zimechanwa, dele la kahawa mkono wa kushoto, vikombe kulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kukariri maneno yake.

"Mmekula halua," alisema, "mkimaliza kahawa nitawaambia nililowaitia. Si jambo la furaha."

Alifika kwa Thuwaini. "Karibu, Thuwaini. Sikukualika, lakini karibu."

Thuwaini alipokea kikombe. Alikiweka mkekani. Kando yake akaweka mfuko wa nailoni aliokuja nao, akaukunja mdomo kidogo, kiasi cha aliyesimama kuona ndani na waliokaa wasione.

Hud aliliona koleo.

Baraza zima lilikuwa limekwisha kukiona kikombe.

"Una haja?" Hud aliuliza.

"Nina haja."

"Sema."

"Neno moja tu, ulitamke hapa, mbele ya hawa waliokwisha kusikia lile la kwanza: kwamba Bi Khole hana jicho, na Taji hakuharibika kwa sababu yake. Nikilisikia, nitakunywa, nichukue mfuko wangu niende zangu. Mimi sikuja na la ziada."

"Na nisipolisema?"

"Nitaondoka na kiu. Mfuko nitauacha hapa, wazee waufungue."

Hud aliuangalia mlango wa pazia, akamwangalia Ghanim. Ghanim alikuwa ameinamisha kichwa upande, anajaribu kuuona mfuko.

"Wazee," alisema Hud, "niliwaambia mke wangu ana jicho. Nililisema kwa hasira. Bi Khole hana jicho. Taji ana maradhi yanayojulikana kwa madaktari, wala hayakutoka kwake. Neno langu la kwanza nimelifuta." "Kunywa, Thuwaini."

Thuwaini alikunywa, akatikisa kikombe kukataa cha pili, akaufunga mfuko.

Wazee walianza kusema alhamdulillahi. Hud alijifuta paji la uso, na kwa kuwa watu walikuwa wakimtazama aliona afadhali awe karimu. "Khole! Umesikia? Sanduku lirudi chumbani." Alimimina kikombe, akakipitisha mwenyewe kando ya pazia. "Unywe, yaishe."

Mkono wenye hina iliyofifia ulikipokea. Kisha ukakirudisha, ukakiweka juu ya kizingiti, kimejaa vilevile.

"Na mimi nina haja," ilisema sauti ya Bi Khole.

Ghanim alicheka kwa nguvu, akaziba mdomo kwa mkono.

"Haja gani tena?" alisema Hud.

"Namtaka Taji. Awe wangu, mbele ya hawa wazee. Alipokuwa mzuri ulimpa mwenzangu, sikusema. Sasa hana pembe za kuonyesha watu. Mnyama asiyetakiwa nipe mimi, nitamlea."

Pazia lilitikisika. "Ati nini?" Sauti ya Shukriya ilipanda. "Taji wangu mimi! Zawadi yangu ya arusi!"

"Ulisema anakutia kinyaa."

"Nilisema ananuka! Mtu huna ruhusa ya kusema kitu chako kinanuka? Hud, usimpe! Hud!"

Hud alisimama kati ya pazia na wazee. Kwenye kizingiti kahawa ilikuwa inapoa. Alikuwa amekwisha kukawia mara moja mbele ya watu haohao, na kila mmoja wao alikumbuka.

"Kunywa, Khole," alisema.

Mkono ulitoka, ukachukua kikombe.

Ghanim alimfuata Thuwaini mpaka kwenye gari. Hakuwa anacheka tena.

"Mfukoni mna nini?"

"Chombo cha watu wa mbuzi. Nakirudisha Nizwa kwa mwenyewe."

Ghanim alitazama umbo lake ndani ya nailoni, mikono miwili mirefu na mdomo mfupi. Akalikumbuka dume lililolala zizini kwake bila kuguna.

"Na mimi nikachinja jike," alisema. "Nikasema tasa." Akageuka, akarudi barazani taratibu, na Thuwaini alimwona mlangoni akinyoosha mkono kuomba kikombe.

Thuwaini aliwasha gari. Njia ya kutokea ilipita kando ya migomba. Bi Khole alikuwa zizini amekaa juu ya jiwe, anamfukuzia Taji nzi kwa upande wa mtandio. Nje ya ua alisimama Shukriya, buibui likiburura topeni, fungu la majani mabichi mkononi amelipenyeza kati ya waya.

"Taji," alikuwa akiita. "Taji, njoo."

Taji hakugeuka.